Wasee, unga wa makaa si mbolea

Mwaka jana nilinunua gunia la unga mweusi kando ya barabara hapa Ruiru. Jamaa aliniapia kuwa hiyo bayocha ndiyo mbolea ya kisasa, kwamba yurea nitaisahau. Nikaumwaga wote kasoro nusu kwenye kijishamba changu nyuma ya ploti. Wiki tatu baadaye sukuma ilikuwa njano kama ndizi mbivu.

Shosho alipokuja kutoka Gatundu, aliangalia mara moja tu. "Mjukuu wangu, umeipea makaa, chakula je?"

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii kemia ilibidi niisome upya. Bayocha ni maganda, mabua au matawi yaliyochomwa kwa joto kali bila hewa ya kutosha. Nitrojeni nyingi huenda na moshi, na inayobaki imejifunga ndani ya kaboni, mmea hauifikii. Na kama makaa hayakuiva vizuri, vijidudu vya udongoni hupata kaboni rahisi, huzaana, halafu hunyakua hata ile nitrojeni kidogo iliyokuwepo. Sukuma inabaki kutazama wengine wakila.

Sasa usidhani naitusi bayocha. Udongo wetu mwekundu wa Thika na Ruiru mara nyingi una asidi, na kutumia DAP miaka nenda miaka rudi huiongeza. Mvua ya Aprili ikija, naitreti inaoshwa chini kusikofikiwa na mizizi. Hela zako hizo zimezama. Makaa yana vitundu vingi na chaji hasi inayoshika amoniamu isiponyoke ovyo, na mengi hupunguza asidi. Yaani ni ghala. Mimi nilinunua ghala tupu nikaambiwa ni unga wa ugali.

Ghala lenyewe linafanya kazi. Utafiti uliochapishwa 2008 kutoka magharibi mwa Kenya ulionyesha mahindi yakipata nafuu kubwa zaidi kwenye mashamba yaliyochoka kwa kulimwa miaka mingi. Mwaka 2017 wanasayansi walijumlisha majaribio ya nchi nyingi: maeneo ya tropiki mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25, kule kwenye baridi karibu sufuri.

Ndiyo maana hawa wauzaji wananiudhi. Gunia la yurea limeandikwa nitrojeni asilimia 46. Langu lilikuwa na picha ya jani tu! Andika basi: limetengenezwa kwa nini, lina nitrojeni kiasi gani, lichanganywe na nini. Na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko hapa hapa Ruiru, ndiyo iliyotupa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Viwanda vya kukoboa kahawa viko Thika, maganda hayakosi. Tungewekewa vishamba vya mfano, kijana aingie aone mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Kitu kingine: usirushe makaa na yurea pamoja juu juu tu. Makaa yenye alkali nyingi hufukuza amonia hewani, utainusa ikienda.

Ile nusu gunia iliyobaki nimeichanganya na mavi ya kuku na maji kwenye pipa, kama alivyosema Shosho. Landilodi ameshapiga simu mara mbili kuhusu harufu. Nimemwomba wiki mbili.