Goti Lililovimba Bila Kuuma

Chukulia kijana aliyeanguka kutoka mnazini akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haina hisia. Asubuhi moja mamake anamwogesha, anaona goti limevimba kama dafu. Analigusa, lina moto.

"Linakuuma, mwanangu?"

"La, mama. Sisikii lolote."

Mama anamshukuru Mungu, anateleka maji ya kulikanda.

Hapo makosa ni mawili. Maji ambayo wewe ungeyavumilia yanaweza kumbabua ngozi mtu asiyehisi moto, na kidonda cha namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Tena, kutouma si salama. Ni habari ya maumivu tu iliyokatikia njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Ugonjwa wenyewe upo pale pale. Huenda goti limeingia usaha, viini vikitoka kwenye kidonda cha malalo au kwenye mkojo. Huenda ni jongo. Huenda mfupa ulivunjika alipokuwa akihamishwa kitandani na hakuna aliyejua, au damu imeganda katika mshipa wa mguu. Wengine huota mfupa mpya ndani ya nyama, hasa miezi ya kwanza baada ya ajali. Daktari hawezi kubainisha haya kwa macho: atapiga picha, na pengine atavuta maji ya goti kwa sindano yakapimwe. Kama ni usaha, usingoje Jumatatu.

Asiyehisi maumivu huonyeshwa na mengine: homa, au miguu kurukaruka kuliko desturi. Aliyeumia shingoni au kifuani juu anaweza kugongwa na kichwa ghafla huku jasho likimtoka usoni. Huenda shinikizo la damu limepanda vibaya. Mketishe wima, mlegezee nguo, tazama kama mpira wa mkojo umejikunja, kisha mkimbize hospitali.

Kuna pia ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake wenyewe. Ajabu yake ni kwamba madaktari wamewahi kuiona ikiviacha viungo vilivyopooza na kuvamia vilivyo vizima. Kwa anayesukuma kiti cha magurudumu, hiyo ni mikono, na mikono ndiyo miguu yake! Vidole na vifundo vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima au zaidi, asiambiwe ni uchovu wa kusukuma kiti. Dawa zikianza mapema huviokoa viungo.

Lakini si vidonge vya dukani. Vingi vya kutuliza maumivu hutoboa tumbo, na huyu huenda asihisi tumbo likichomeka; kinyesi cheusi kama lami ndicho kitakachomfichulia. Figo nazo huumia, na zake tayari zimo hatarini kwa sababu ya matatizo ya kibofu. Siku ya kliniki beba pakiti zote za dawa anazotumia, hata zile alizopewa na jirani.