Mpe mwanao daftari, kisha usilifungue

Mzazi anayetaka mtoto azoee kuandika hana haja ya kusubiri walimu. Daftari la kawaida, kalamu na dakika kumi kila jioni vinatosha.

Anne Frank alipewa daftari siku alipotimiza miaka 13, Juni 12, 1942, mjini Amsterdam. Wiki chache baadaye familia yake ya Kiyahudi ilijificha kuwakwepa Wanazi. Humo aliandika kuhusu chakula, ugomvi na mama yake, hofu, na ndoto ya kuwa mwandishi. Mara ya mwisho kuandika ilikuwa Agosti 1, 1944. Siku tatu baadaye walikamatwa. Alifia kambini mwaka 1945. Katika familia hiyo alinusurika baba peke yake, Otto. Alipolisoma daftari, alikiri kuwa hakuwa amemjua binti yake kwa undani, ingawa walipendana sana.

Hapo wazazi wana la kujifunza. Mtoto huandika kwa uhuru akijua hakuna anayemchungulia. Ukisoma kwa siri, siku akigundua ataacha kuandika, na huenda akaacha hata kukuambia mambo yake.

Usisahihishe tahajia wala kumhesabia kurasa. Chagueni muda mmoja, labda baada ya chakula cha usiku, simu zikiwa pembeni, nawe uandike lako: matumizi ya siku, au jambo lililokufurahisha. Akikosa siku moja asigombezwe, ataendelea kesho. Na siku akitaka kukusomea, weka chini ulichoshika, umsikilize.