Kijani si msitu

Wasee, tuambiane ukweli. Kila wikendi naona video mpya ya droni ikipita juu ya mashamba ya chai Kericho, muziki mtamu, halafu mtu ameandika chini: "asili safi." Asili gani? Ule ni mmea wa aina moja, uliletwa kutoka Asia, na unakatwa ubaki kimo cha kiuno miaka nenda miaka rudi. Mbega anaishi juu ya miti na anakula majani ya miti. Kwake shamba la chai ni jangwa, hata kama ni la kijani.

Msitu wenyewe uko pale nyuma, Mau ya Kusini Magharibi. Huko ndiko kuna ndovu, na ndiko kwao bongo, yule swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Bongo wa milimani haishi porini nchi nyingine yoyote ila Kenya, na waliobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Anataka kichaka kizito cha kujificha. Haya, mwambie ajifiche kwenye majani chai.

Najua mtaniambia chai ndiyo imetulipia karo. Ni kweli, na sijasema tung'oe hata mche mmoja. Lakini hiyo chai inategemea mvua na ukungu wa Mau. Mto Nyangores unatoka huko, unapita Bomet, unaungana na Amala, ndio unakuwa Mara, ule ule wa nyumbu.

Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwa kalamu tu. Leo tunamkemea mama mwenye mzigo wa kuni kichwani! Mwaka 1986 Kanda za Chai za Nyayo zilianzishwa ziwe ukuta wa kulinda msitu. Ukuta upo, lakini nyumba ikiendelea kuliwa kutoka ndani, unalinda nini?

Na usinidanganye na mikaratusi. Ukiipanda kando ya mto hujapanda msitu, umefunga pampu.

Kwa hivyo muulize MCA wako mambo mawili: mpaka wa msitu uko wapi, na kuni za kukausha chai kwa kiwanda chenu zinatoka wapi? Asipojibu, uliza tena, mbele ya watu.

Na ile video yako, badilisha maneno. Andika "shamba."