Skana ya duka: Tusinunue kwa hofu ya kodi

Majuzi nilishuka garimoshi la SGR pale Emali kumsalimia mpwa wangu, mwenye duka karibu na njia panda ya Loitokitok. Nilimkuta amenuna. "Mjomba, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," akaniambia, akinionyesha skana ya kusomea msimbopau. Ilikuwa ya kutumia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Yeye hana kompyuta. Ana simu tu.

Naamini hayuko peke yake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta sharti la ankara za kielektroniki kupitia eTIMS ya KRA. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara hiyo, ila chache zilizosamehewa, haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mnunuzi. Kwa hivyo mwenye hoteli anayenunua sukari kwako atahamia kwa jirani ukishindwa kumpa. Hapo ndipo hofu inapoingia, na wauza vifaa wanaijua.

Lakini tusichanganye mambo. Ankara haihitaji skana. Mwenye biashara ndogo anaweza kuitoa kwa simu, hata kabambe, kupitia *222#. Kazi ya skana ni kuharakisha mauzo na kukusaidia kujua kilichobaki rafuni.

Tena, angalia unauza nini. Sabuni na unga wa pakiti vina msimbopau. Ndengu, kunde na nyanya, ambazo ndizo uhai wa soko la Emali, hupimwa kwa gorogoro na kreti. Skana haitazisoma mpaka ubandike lebo zako mwenyewe.

Ukiona bado waihitaji, uliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Kwanza, ina Bluetooth, na inaweza kufanya kazi kama kibodi? Ya namna hiyo huandika nambari moja kwa moja kwenye programu ya simu, iwe Android au iPhone. Pili, inasoma mistari tu, au na QR pia? Zile za leza husoma mistari pekee, na nyingi hushindwa na msimbo ulio kwenye kioo cha simu. Tatu, inahifadhi ulichosoma simu ikiwa mbali au imezima?

Kisha ijaribu papo hapo, kwa simu yako na bidhaa yako. Muuzaji akikataa, mshukuru uende zako. Na kabla ya yote, jaribu kamera ya simu: kwa duka la wateja wachache, huenda ikatosha.

Kwa maoni yangu, wanaotutaka tuingie dijitali wangefika sokoni wenyewe, Emali kama Kongowea, wakafunza kipi ni sharti na kipi ni hiari. Mpwa wangu alitoa faida ya mwezi mzima kununua kitu ambacho sheria haikumdai.