Wapeni Ukumbi wa Kaloleni

MASHARIKI YA MJI
Safu ya kila wiki ya Kombo Odera

Kila nikisema Nairobi ina vijana wanaopenda posti-hadikoo, mwenzangu mmoja hapa afisini hunitazama kana kwamba nimesema Kayole kumeanguka theluji. Kwake yeye Eastlands ni ya rap, basi: Kalamashaka wa Dandora, K-South wa Kariobangi South, kisha Ethic wa Umoja na wimbo wao Lamba Lolo wa mwaka 2018. Majina hayo hakosei. Anachosahau ni kilichoyabeba. Nganya ya Buruburu, yaani matatu iliyorembwa, ikishapenda wimbo, utausikia asubuhi na jioni. Makanga ndiye promota, na abiria husikiliza hata kama hakuomba.

Posti-hadikoo ni roki ya gitaa linalokwaruza na mtu anayepiga mayowe, na haina bahati hiyo. Dereva hawezi kuiweka saa kumi na mbili asubuhi, nami simlaumu. Muziki huu hautulii ndani ya spika ya gari. Mwimbaji ananong'ona, ngoma zinakatika, halafu bendi nzima inalipuka kwa pamoja na kifua chako kinajua kabla ya sikio. Shabiki wake hupatikana mmoja mmoja, akiwa amesimama hatua tatu kutoka jukwaani.

Jukwaa lenyewe ndilo taabu. Bendi za roki za Nairobi hupiga zaidi Westlands na pande hizo, usiku, penye baa. Kijana wa miaka 17 kutoka Jericho haruhusiwi kuingia. Na mwenye kitambulisho je, atarudi na nini saa saba usiku? Teksi inazidi kiingilio. Matokeo yake sifa zetu hupitia ng'ambo kwanza. Duma, wawili waliotoka katika bendi za metali za hapa hapa Nairobi, walirekodi albamu yao Kampala, lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa mwaka 2020, na Ulaya ikawashangilia kabla Makadara haijawasikia. Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, nao wana wimbo kuhusu vyumba vya mateso vya Nyayo House. Hakuna mzee wa Kaloleni anayehitaji kufafanuliwa mada hiyo. Ila nani amempigia?

Wapo waliopata dawa ya taabu hiyo ya jukwaa. Fugazi, bendi ya Washington, walioanza mwaka 1987 na ambao bendi nyingi za posti-hadikoo bado zinawafuata, walishikilia masharti mawili kwa miaka: kiingilio kiwe kama dola 5, na watoto wa shule waruhusiwe kuingia. Walipiga hata kwenye kumbi za makanisa.

Kumbi sisi tunazo. Mitaa ya zamani ya Eastlands ilijengewa kumbi za kijamii, na ule wa Kaloleni una historia kubwa kuliko baa yoyote ya Westlands. Tarehe 23 Aprili 1950 kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama humo akatoa hoja ya uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mei haikuisha kabla hajatiwa mbaroni. Ukumbi uliostahimili hayo hautashindwa na amplifaya mbili.

Jibu la kaunti nalijua: kelele. Kanuni za mwaka 2009 zipo na ziheshimiwe. Lakini Ijumaa usiku kuna mikesha ya maombi ambayo spika zake husikika mtaa wa tatu, na sijaona askari wa kaunti akiondoka amebeba kinanda.

Kwa hiyo, bendi changa, andikeni barua ya kuomba ukumbi huo siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Kiingilio shilingi mia. Alikeni rapa mmoja wa mtaa huo huo, kwa sababu marafiki zake watakuja naye na mlango wazi ni mlango wazi. Kila mmoja apige nusu saa, na mfunge kabla ya saa kumi na mbili, nauli haijapanda. Mwezi unaofuata rudini siku ileile, saa ileile, hata kama mara ya kwanza walikuja watu kumi na watano na tisa kati yao walikuwa binamu zenu.