MAMBO YA MAGARI: Moshi Mweusi Katika Vilima vya Runyenjes

Yeyote asimamaye kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, hapo Runyenjes, hana budi kuyaona malori yakipanda kilima kwa mwendo wa kinyonga, na nyuma yake wingu jeusi lililotanda hata waendao kwa miguu wakajifunika pua. Lori likiwa limebeba majani ya chai shida huwa kubwa zaidi, maana majani yaliyochumwa asubuhi yapasa kufika kiwandani siku ile ile. Yakichelewa hupata joto, yakageuka rangi, na thamani yake ikapungua. Basi mwenye lori, akiisha kusikia manung'uniko ya wakulima, humwendea fundi akasema, "Fundi, ongeza mafuta kidogo, gari hii haina nguvu." Fundi huchukua bisibisi, akazungusha skrubu moja, na gari likapanda. Hapo ndipo gharama zianzapo.

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi huko Augsburg mwaka 1897, haina cheche kama ile ya petroli. Hewa huingia katika silinda, ikabanwa mpaka ikawa ya moto sana, kisha pampu husukuma mafuta kidogo kupitia nozeli, nayo yakawaka yenyewe. Dereva akanyagapo haongezi hewa. Aongeza mafuta tu. Kwa sababu hiyo lazima pawepo kizuizi, mafuta yasije yakazidi hewa iliyopo. Katika pampu za mtindo wa zamani, zisizo na kompyuta, kizuizi hicho ni skrubu ile, ambayo mara nyingi hufungwa kwa waya na risasi ili isichezewe. Anunuaye lori kuukuu na autazame waya huo kwanza. Ukiwa umekatwa, yaelekea kuna mtu aliyekwisha kupita hapo.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha. Mweupe ni mafuta yasiyowaka, labda kwa kuwa injini ni baridi au pampu inarusha kwa kuchelewa, au pengine ni maji yanayoingia katika silinda. Wa rangi ya buluu ni oili inayoungua. Skrubu ya mafuta haiwezi kuuponya moshi mweupe wala wa buluu, ijapokuwa mafundi wengi hujaribu.

Tena kuna jambo ambalo wenye malori wengi hawalifikiri. Runyenjes iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: palipo na sehemu 100 za hewa huko Mombasa, hapa zimebaki kama 86 tu. Lori lisilo na turbo, lililopimwa vizuri kabisa pwani, likifika huku litatoa moshi bila kosa la mtu yeyote, kwa maana mafuta ni yale yale na hewa imepungua. Dawa yake ni kupunguza mafuta, wala si kuongeza. Nguvu iliyopotea kwa ajili ya mwinuko hairudishwi kwa bisibisi. Afadhali dereva abadili gia mapema na mwenye gari apunguze mzigo.

Lori lenye turbo husumbuliwa kidogo na mwinuko, lakini lina hila yake. Juu ya pampu za namna nyingi pana ngozi nyembamba ya mpira inayosukumwa na upepo wa turbo. Upepo ukizidi, pampu huruhusu mafuta zaidi. Ngozi hiyo ikipasuka, gari hulegea mlimani wala halitoi moshi. Fundi asiyeijua huikaza skrubu, na tangu siku hiyo kila gari liondokapo stendi hufunika maduka kwa masizi. Mpira huo ungebadilishwa, kazi ingekwisha.

Kwa hiyo skrubu na iguswe mwisho. Kwanza litazamwe chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la barabara za chai huziba upesi. Kisha mabomba ya turbo kama yamepasuka, chujio la mafuta, nafasi za vali, majira ya pampu, na nozeli zipimwe kwa mashine yake. Mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayorusha, kwani mafuta hayo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na aliyepatwa hivyo hukimbizwa hospitali hata kama jeraha laonekana dogo kama la sindano.

Wengine huchanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, nayo husagika ndani kwa ndani.

Mafuta yakizidi sana, moto wa silinda huyeyusha pistoni, na bei ya kuifanya injini upya hula faida ya misimu mingi. Yasipozidi hivyo, bado yanatoka bombani bila kufanya kazi, na yamelipiwa. Wavutao moshi huo nao hawana salama: mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa huleta saratani ya mapafu.

Ikibidi skrubu igeuzwe, igeuzwe robo ya mzunguko tu, alama ikiwa imechorwa kabla, na mwendo wa injini isiyokanyagwa urekebishwe, kwani katika pampu nyingine huo nao hubadilika. Halafu lori lipakiwe mzigo wake wa kawaida, lishuke mpaka mto Thuci, lipande. Utingo atazame bomba. Moshi utokao kidogo gia ibadilishwapo na kutoweka si neno. Ukiendelea mpaka juu ya kilima, skrubu irudishwe nyuma, lori lijaribiwe tena, kisha waya mpya ufungwe.