Soketi Yenye Masikio



Zimeanza kuingia majumbani mwetu, aghlabu ndani ya mabegi ya ndugu watokao ughaibuni, spika ndogo zinazoitika zikiitwa. Unachomeka plagi maalumu kwenye soketi, unaiunganisha na Wi-Fi, kisha unaiamuru spika kwa maneno izime feni, na feni inazimika. Watoto hufurahi mno, na wazazi hutuuliza kama kitu hiki kinafaa.

Kuwasha taa kwa sauti hatuoni ubaya wake. Kwa mzee asiyeweza kuinuka kitandani, au ndugu asiyeona, ni msaada mkubwa. (Ingawa tuseme kweli, Marekani wana haja nayo kuliko sisi: soketi zao za ukutani kwa kawaida hazina swichi, zetu za pini tatu mara nyingi huwa nayo, na kidole kimoja kinatosha.)

Linalotushughulisha ni ile maikrofoni. Spika husikiliza muda wote ikingoja jina lake. Ikidhani imelisikia, hurekodi na kupeleka maneno kwenye kompyuta za kampuni, nchi za mbali, na huko ndiko amri hutoka kurudi kwenye plagi. Tumesema "ikidhani" kwa sababu hukosea. Mwezi Mei 2018 familia moja ya Portland, Marekani, iligundua kwamba spika yao ya Amazon Echo imerekodi mazungumzo ya nyumbani na kumpelekea mtu aliyekuwamo katika orodha yao ya simu. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kuhifadhi sauti za watoto na kutotimiza maombi ya wazazi ya kuzifuta.

Sasa turudi majumbani. Surat Nnur, aya ya 58, inawataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu za faragha. Mtoto wa kumzaa mwenyewe anabisha hodi, je, spika ilale chumbani na wazazi? Na mgeni aliyekuja kututolea siri ya ndoa yake, nani kamwambia kwamba juu ya kabati la vyombo pana sikio?

Maoni yetu ni kwamba chumba cha kulala isiingie kabisa. Sebuleni, kama ipo, mgeni aambiwe kabla hajaketi. Nyingi zina kitufe cha kuzima maikrofoni, kitumike. Pasi isichomekwe kwenye plagi hizo hata siku moja, maana Aprili 2017 tangazo la televisheni la Burger King liliziamsha spika za Google Home majumbani Marekani bila mwenye nyumba kufungua kinywa. Tena plagi nyingi za aina hii hukubali kuamriwa kwa simu ya mkononi, bila spika yoyote. Mwenye hamu nazo anunue plagi, spika aiache dukani.